Uji wa Naetwe

“Mtoto hapimi uji, hupima kikombe.” Mmeisikia kwa mama yenu mkaichekelea, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni basi. Ilianza hivi.

Nakijwa aliolewa na mgane huko milimani Upare. Alikwenda na mwanawe, Elinami, akamkuta Naetwe, binti wa mumewe, mwenye miaka minne. Kwa desturi ya ukoo ule, yatima hula katika chombo cha marehemu mama yake, kwa hiyo Naetwe alinywa uji katika bakuli pana la mti. Elinami alikuwa na kikombe cha mwanzi, chembamba, kirefu. Kila asubuhi Nakijwa aliwapimia upawa mmoja mmoja, bila kupunja.

Siku moja shangazi mtu akaja kuwatembelea, Naetwe akamshitakia. “Mama mdogo anampa Elinami uji mwingi. Wangu kidogo.”

Mama wee! Shangazi alipiga kelele hadi ukoo mzima ukakusanyika. “Anamnyima yatima huyu! Arudi kwao! Mtoto mdogo hajui kusema uongo.”

Nakijwa aliogopa. Akirudishwa kwao kwa aibu ile, nani angempokea? Na kilichomuuma zaidi, alimpenda yule mtoto. Alimtazama usoni, akaona kweli hadanganyi. Ndipo akaomba uji na vyombo viletwe.

Akapima upawa mmoja, akautia kwenye bakuli. “Naetwe, mwanangu, uji huu ukoje?”

“Kidogo.”

Akaumimina wote kwenye kikombe cha mwanzi, watu wakitazama. “Na sasa?”

Mtoto akapiga makofi. “Sasa mwingi!”

Akaurudisha bakulini.

“Umepungua,” alisema Naetwe, machozi yakimlengalenga.

Shangazi alijishika mdomo. “Lo! Wifi yangu, nisamehe. Nilitaka kukuvunjia nyumba kwa sababu ya bakuli.” Wazee wakajikung’uta, wakaenda zao.

Ikapita miaka minne. Nangasu, kitindamimba wa nyumba ile, aliyezaliwa baadaye na kunywea bakuli, naye akaanza kulia kwamba uji wa wenzake ni mwingi. Nakijwa, macho yakimwasha kwa moshi, akafoka, “We mtoto, acha uongo!”

Naetwe akacheka. Akainuka, akachukua uji wa mdogo wake, akaumimina kwenye kile kikombe cha mwanzi. Nangasu akanyamaza, akanywa.

“Usimgombeze, mama,” alisema Naetwe. “Hadanganyi. Mtoto hapimi uji, hupima kikombe.”