Pumzi Aliyoisikia Kobe

Wapo watu ambao makosa yao hutangulia kuonekana kuliko wao wenyewe. Ukianza tu kuwataja, wasikilizaji wameshacheka. Ipo methali isiyotukataza kuwasema watu wa namna hiyo. Inachodai ni kwamba tukishawasema, tuwape na kilicho chao. Mwimbaji wa bendi ya roki iliyoitwa Waya Moto alichukua miaka thelathini na miwili kuielewa sehemu hiyo ya pili.

Bendi ilikuwa ya watu wanne. Mpiga besi, waliyemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, alitangulia mbele ya haki. Mpiga dramu, Kobe, akamfuata baada ya miaka mitatu. Walibaki mwimbaji, mama wa miaka sitini na moja asiyejua kuzunguka maneno, na mpiga gitaa, ambaye sasa alikuwa fundi wa redio. Siku moja barua ikaja: chama cha wanamuziki kingewapa tuzo ya heshima kwa kazi yao yote na kuwakumbuka marehemu wao. Fundi aliibandika ukutani, kati ya saa iliyokwisha betri na kalenda ya mwaka juzi.

Walitakiwa kupiga wimbo mmoja, na mwimbaji aseme machache juu ya waliotangulia. Wimbo haukuwa na mjadala. Ungekuwa ule uliowapa jina. Hata maneno hayakumsumbua. Juu ya Profesa angesema alikuwa mtu wa watu. Juu ya Kobe angetoa kichekesho chake cha siku zote: kwamba siku ya kurekodi Kobe alisinzia kwenye dramu, wimbo ukaanza kukokota miguu, na yeye mwimbaji akauvuta hadi mwisho kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Alikuwa amekisimulia redioni, magazetini na kwenye harusi za watu. Kobe mwenyewe, enzi za uhai wake, alikicheka kuliko wote.

Ila mke wa Kobe, mpishi mstaafu wa hospitali, alituma ujumbe kwamba haji. Hakuwa na ugomvi na mtu, alisema, lakini hakuona sababu ya kuvaa nguo nzuri ili akakae mstari wa mbele kusikiliza marehemu mumewe akichekwa.

"Amekuwa mwepesi wa kuumia," mwimbaji alinung'unika.

"Ungekuwa wewe, ungekuja?" fundi aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichomelea waya.

Mazoezi yalifanyika pale pale kwenye kibanda cha fundi, baada ya kusogeza televisheni mbovu pembeni. Kwenye dramu alikaa binti mmoja, mwalimu wa muziki, aliyepiga kwa mwendo ulionyooka kama wa saa. Kufika ubeti wa pili, mwimbaji alikuwa akihema kama aliyepandisha mfuko wa saruji ghorofani. Walirudia mara tatu. Mara ya tatu akamlaumu binti kwamba anakimbiza wimbo. Binti akajibu kwamba huo ndio mwendo ambao wimbo unaanza nao kwenye kanda.

"Shangazi, niseme kitu, usinikasirikie," aliongeza. "Kanda ile nimeisikiliza mpaka nimeikariri. Mzee Kobe hakusinzia. Anapunguza pale tu unapotaka kuvuta pumzi. Ukishavuta, anarudi kwenye mwendo wake. Aliyelala hawezi hivyo."

"Pumzi gani? Nilikuwa na miaka ishirini na tisa."

Fundi akakohoa. "Na mimba ya miezi minane. Tulikuwekea kiti, ukakisukuma kwa mguu."

Mwimbaji alikaa juu ya televisheni mbovu. Mwanawe alizaliwa wiki tatu baada ya siku ile ya studio. Kila mwaka alijisifu kwamba aliimba hadi dakika za mwisho, na kila mwaka alimcheka Kobe. Hizo hadithi mbili hakuwahi kuzikutanisha.

"Kumbe ulijua?" alimuuliza fundi.

"Mimi siku ile nilikuwa nikiangalia vidole vyangu."

Kesho yake alikwenda kwa mke wa Kobe, akamkuta anakunja mashuka. Alipewa ncha mbili za shuka ashike, akaeleza yote huku wakikunja. Mwenyeji wake hakushangaa. Alisema mumewe alimsimulia jioni ile ile ya kurekodi: alichelea kwamba akimwambia mwimbaji, mwimbaji atajikaza kuimba haraka hadi azimie. Baadaye kichekesho kikawa kimeshaenea, akaona amwachie.

"Nisamehe," mwimbaji alisema.

"Chumbani ni rahisi, wifi. Wewe ulimcheka ukumbini."

Siku ya tuzo ukumbi ulijaa, isipokuwa kiti kimoja mstari wa mbele, chenye karatasi iliyoandikwa "Mgeni". Mwimbaji alimsifu Profesa, watu wakapiga makofi. Alipomtaja Kobe tu, vicheko vikaanza. Walikuwa wakingoja kichekesho chao. Hapo akamwona mke wa Kobe amesimama mlangoni, mkoba begani, kama mtu ambaye bado hajaamua.

"Kobe alikuwa mchelewaji," alianza. "Alichelewa mazoezi, akachelewa safari, akachelewa hata harusi yake. Mkewe yule pale, mwulizeni. Hayo siyafuti." Alingoja vicheko vitulie. "Lakini habari ya kusinzia ni uongo, na mwongo ni mimi. Nilikuwa mjamzito, pumzi zimeniishia. Sikuvuta kitu. Yeye ndiye aliyenibeba, ubeti kwa ubeti, kisha akaniachia sifa."

Mke wa Kobe akatembea hadi mbele pasipo haraka, akaiondoa karatasi, akakaa.

"Harusini alichelewa saa mbili," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

Walicheka wote, naye pia. Kisha wimbo ukapigwa. Kwenye ubeti wa pili binti alipunguza mwendo, mwimbaji akavuta pumzi yake kwa raha, na kwa mara ya kwanza akalisikia pengo lile dogo aliloachiwa miaka yote. Mchelewaji alikuwa mchelewaji, na hakuna aliyelikanusha hilo siku ile. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.