Mwajabu Ashuke Mkavu

Haya, uliyekaa kaa vizuri, uliyesimama shika ukuta, maana hadithi hii ina kona nyingi na haipunguzi mwendo.

Basi bwana, kule Lushoto milimani walikuwepo wanawake watatu, kila mmoja na chake. Namsifu alikuwa msomi wa chuo kikuu, kaja na madaftari yake kutafiti kitu ambacho watu hawakujua kama kinatafitiwa: kwa nini mtu anatapika safarini. Bi Kidawa alikuwa kungwi. Hakuna mwali aliyeolewa bila kupita mikononi mwake, akafundwa, akapakwa hina, akafunikwa. Tabu alikuwa dereva wa Noah, gari dogo la abiria, na kona zote za kushukia Mombo alizijua mpaka kazipa majina. Hii Shemeji, ile Mkia wa Paka, ile nyingine Usisinzie.

Wa nne ndiye Mwajabu mwenyewe. Na yeye alikuwa na kipaji chake. Kutapika.

We acha! Mwajabu alitapika kwenye basi, akatapika kwenye lori, akatapika kwenye bodaboda akampaka dereva mgongoni. Siku moja alitapika ndani ya gari lililoegeshwa, kisa gari la pembeni lilirudi nyuma, yeye akadhani ni lao ndilo linakwenda mbele. Limao alinusa, tangawizi alitafuna, wapi. Nyumbani alikuwa na kopo lake la safari, na wadogo zake walilisalimia kama mgeni.

Kuishi mlimani bila kushuka anaweza mtu. Kuolewa Korogwe huku unaishi mlimani, hiyo ndiyo kazi. Alimpenda kijana mmoja wa huko, Semboja. Siku alipopelekwa ukweni kuonwa, alishuka garini, akainama kumwamkia mama mkwe.

"Shikamoo ma..."

Neno halikuisha. Chai, chapati na nusu parachichi vikatua juu ya viatu vipya vya Mama Semboja.

"Marahaba," akasema Mama Semboja, akivitazama viatu. Kisha akamgeukia mwanawe. "Ya miezi mingapi?"

"Mama, ni gari tu hilo!"

"Gari halimpi mtu mimba. Sasa sikilizeni. Siku ya harusi, mbele ya wageni wangu, akishuka mkavu, huyu ni binti yangu. Akitapika, dereva asizime hata injini. Ageuze, arudi naye."

Semboja alimsindikiza Mwajabu kupanda mlima, akamshikia kopo njia nzima bila kukunja pua. Mwanaume kama huyo unampata wapi tena? Mwajabu alilia mpaka nyumbani, na katikati ya kulia akawa anatapika.

Siku hizo Namsifu alikuwa kapanga stoo ya kuwekea kabichi, kaweka ndani turubai la duara kama hema dogo. Ndani yake mistari myeusi na myeupe. Katikati kiti, kimefungwa chini kwa nati nne. Ukikaa, turubai linazunguka, kiti kimetulia tuli. Watu walipanga foleni, maana anayekaa anapewa soda. Mwajabu naye akaenda.

Turubai lilizunguka mara tatu tu.

"Simamisheni!" akapiga kelele, kakumbatia kiti. "Mnanipeleka wapi? Naanguka!"

"Hujasogea hata kidole, dada."

"Nakwambia kiti kinakimbia!" Na hapo hapo akalitapikia daftari.

Namsifu akaruka juu kwa furaha. "Wewe! Wewe ndiye ninayekutafuta tangu Januari!"

Maisha yake yote Mwajabu hajawahi kutapika mtu akafurahi. Akamsikiliza.

"Ndani ya sikio mna maji," Namsifu akamwambia. "Gari likikata kona, maji yanayumba, sikio linasema tunakwenda. Jicho linaangalia kiti cha mbele, linasema tumekaa. Ubongo unashindwa umwamini nani. Wataalamu wengi wanasema unadhani umekula sumu, basi unaliambia tumbo litoe kila kitu."

"Kumbe mimi siumwi?"

"Huumwi. Masikio yako na macho yako yanagombana, na tumbo ndilo linapigwa."

Jioni ile, jikoni kwa Bi Kidawa, Mwajabu alikaa na wote watatu: Namsifu na daftari lake jipya, Tabu na ufunguo wa Noah mkononi, Bi Kidawa anatwanga hina. Akafunguka kila kitu. Kisha akasema neno ambalo baadaye alitamani kulimeza.

"Atakayenifikisha Korogwe mkavu, Wallahi, binti yangu wa kwanza nampa jina lake."

Kasema *atakaye*, mmoja, mbele ya watu watatu. Na wote watatu wakasikia.

Namsifu akaanza yeye. Wiki tatu, kila asubuhi, Mwajabu ndani ya turubai. Siku ya kwanza mizunguko mitatu, siku ya pili minne, mwili unazoea kidogo kidogo. Wiki ya tatu ilipoisha alikuwa anakaa mle ndani anakula ndizi. Wakasema sasa tayari. Wakafanya safari ya majaribio: Bi Kidawa akamfunika kanga gubigubi kama mila inavyotaka, kichwani mpaka miguuni, akabanwa siti ya nyuma katikati ya shangazi wawili. Zamani alikuwa anatapika kona ya tatu. Safari hii alifika Soni ndipo akatapika, ndani ya kanga. Shangazi mmoja akateremka akarudi kwa miguu.

Bi Kidawa akaifua ile kanga, akaianika siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Kosa ni langu. Mwali namfunika macho, halafu nalalamika macho hayaoni." Akachukua kanga ya harusi, akakata dirisha, akashonea kipande cha chandarua. Mwali anaona nje, wa nje hamuoni. Kisha akatangaza kwamba Mwajabu atakaa siti ya mbele.

Shangazi wakaja juu. "Bi harusi mbele kama konda? Tangu lini?"

"Tangu leo. Mwenye hamu ya kukaa nyuma na matapishi anyooshe mkono."

Hakunyoosha mtu. Lakini mtaani wakaanza kusema kungwi kazeeka, kavunja mila, na wali wawili wakahamia kwa kungwi mwingine. Bi Kidawa akaendelea kushona. Wakajaribu tena. Mwajabu akapita Soni, akapita Shemeji, akapita Mkia wa Paka. Pale Usisinzie, Noah ikakata ghafla, na yeye akafunua chandarua upesi, akatapika.

Tabu akaegesha. Akajikuna kichwa. "Hivi mimi kwa nini sijawahi kutapika? Na kona ni hizi hizi."

"Kwa sababu unaijua kona kabla haijafika," akasema Mwajabu, anafuta mdomo.

"Basi na wewe utaijua."

Siku ya harusi ikafika. Tabu kaacha redio, kaacha simu, kaacha hata kutafuna jojo. Kazi yake moja. "Kulia inakuja, ndefu! Lala kulia, bi harusi! Kushoto, fupi! Haya!" Mwajabu akalala na kona, macho barabarani. Kina mama nyuma wakaona raha, wakaigeuza wimbo: "Kushoto inakujaaa!" na makofi juu. Noah nzima inalala kulia, inalala kushoto, watu wa Soni wakatoka nje kushangaa. Namsifu, kakaa na Bi Kidawa nyuma ya siti yake, anauliza, "Kichefuchefu ngapi kwa kumi?"

"Mbili!"

Chini ya Usisinzie kondoo akavuka. Tabu akakanyaga breki bila kutangaza.

"Nane!" Mwajabu akalia. "Tisa! Naharibu!"

"Ni turubai tu hilo, umelizoea, pumua!" Namsifu akasema. "Tazama mlima ule kwenye dirisha lako, mwali, usiuache!" Bi Kidawa akasema. "Kulia inakuja, ndogo, lala na mimi!" Tabu akasema. Mwajabu akapumua, akatazama, akalala.

"Saba," akasema. "Tano."

Korogwe, Mama Semboja kasimama mlangoni, wageni nyuma yake, beseni mkononi, viatu kaficha ndani. Mwajabu akashuka. Akainama.

"Shikamoo mama."

Neno lote, mpaka mwisho. Mama Semboja akasogea, akanusa kanga huku na huku. Mkavu. Akalitupa beseni, akapiga kigelegele.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya harusi. Mwaka ukapita, Mwajabu akapanda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi. Akazaa binti. Siku ya saba, mwalimu wa madrasa kaketi na kalamu, anangoja jina. Mlangoni wakaingia watatu, kila mmoja kabeba nguo ya mtoto.

"Ataitwa Namsifu," akasema Namsifu. "Kabla yangu alikuwa anatapika kwenye gari lililoegeshwa!"

"Na akafika Soni tu," akajibu Bi Kidawa. "Mimi nimepoteza wali wawili kwa ajili yake. Ataitwa Kidawa."

"Chandarua chako kilifika Usisinzie kikafunuliwa, bibi yangu. Aliyemfikisha nani? Tabu."

"Mtoto aitwe Tabu?" shangazi mmoja akashtuka.

"Mimi naitwa, nimekufa?"

Mwajabu akatazama huyu, akatazama yule. Kizunguzungu kikamshika, na leo hakuna gari wala turubai. Akafungua mdomo aseme, na hapo nje pakasikika sauti ya mtu anatapika kwa nguvu zote.

Alikuwa Mama Semboja. Kapanda kona zile kwa mara ya kwanza maishani, kaja kumuona mjukuu. Kashikilia mlango wa gari, kajimwagia viatuni mwenyewe.

Tabu akamsogelea kwa adabu. "Ya miezi mingapi, mama?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama Semboja hakucheka. Akamshika Mwajabu mkono. "Mwanangu, nisamehe. Leo leo nataka kurudi, lakini kwa hali hii nitafika maiti. Waambie waliokushusha wewe wanishushe na mimi."

Watatu wakatazamana, kisha wakakunja mikono, kwa mara ya kwanza wakasema kitu kimoja.

"Jina kwanza."

Basi hapo ndipo walipo. Mama Semboja kainama na beseni lake mwenyewe. Noah inanguruma, mlango wazi. Mtoto analia hana jina. Mwalimu kashika kalamu juu ya karatasi, wino unakauka, Mwajabu macho yake kwenu.

Namsifu aliyeuzoesha mwili, Bi Kidawa aliyeyafungulia macho njia, Tabu aliyeiita kona kabla haijafika. Jina ni moja. Haya, wewe uliyeshika ukuta: mwalimu aandike nani?