Karai la Kila Asubuhi

Ndugu zangu, nipeni dakika chache niwape kisa. Nimekitunga mwenyewe njiani nikija, kwa hiyo msiende kumtafuta huyu mama sokoni, hamtampata. Lakini shamba lake mnalijua. Wengi wenu mmelikanyaga asubuhi hii, na wengine bado mna chembe zake ndani ya viatu.

Alikuwako mama mmoja, tumwite Jumwa. Yeye na mumewe, Thoya, walikuwa na shamba bondeni kando ya mto, kwenye ule udongo mweusi wa kunata, ambao ukitupa mbegu ya boga ukigeuka nyuma imeshaota. Watoto wanne walikulia pale, wakila wanashiba. Kisha ukaja mwaka wa mafuriko. Maji yalipotulia, mto ulikuwa umejichimbia njia mpya, na njia yenyewe ilipita katikati ya shamba la Thoya. Utaushtaki mto kwa nani?

Wakabaki na kipande kimoja cha urithi, ambacho hata marehemu babake Thoya hakuwahi kukifyeka. Mnajua nchi yetu ilivyokaa. Ukitoka ufukweni unapanda kidogo, unakuta uwanda tambarare. Ukiuvuka unapanda tena, unakuta mwingine. Ni kama ngazi kubwa. Wanaoisoma ardhi wanasema kila ngazi hapo kale ilikuwa sakafu ya bahari. Nchi ikainuka, maji yakarudi nyuma, mchanga ukabaki. Ndiyo maana watu wakichimba kisima huko juu, mwendo wa saa nzima kutoka baharini, wanakutana na magamba ya chaza, wakashangaa yamefikaje.

Kipande chao kilikuwa kwenye ngazi ya pili. Mchanga mtupu. Juu wa kijivu, ukichimba kidogo mwekundu kama kutu. Mchana unachoma nyayo. Mvua ikinyesha asubuhi, adhuhuri unapangusa vumbi miguuni. Thoya alipofika aliuchota, akalegeza vidole, ukamwagika wote.

"Mama watoto," akasema, "hapa hata magugu yanaomba msaada."

Akaamua kwenda timboni, kwenye machimbo ya mawe ya kujengea, ili awe anatuma unga. Wakapatana. Jumwa apewe miaka miwili. Shamba lisipotoa kitu, Thoya atakuja na lori la timbo kuwachukua wote wakaishi huko. Na Jumwa alikuwa ameyaona maisha ya timboni. Aliwaona watoto wa huko, asubuhi ya siku ya shule, wamechuchumaa kwenye vumbi jeupe wakigonga kokoto. Hakutaka wake wafike hapo.

Jumwa hakuwa mvivu. Aliazima mkokoteni, akapita kwenye mazizi ya mbuzi ya majirani wote, akakusanya samadi mikokoteni sita. Akaimwaga yote kwa siku mbili, akapanda mahindi. Baada ya wiki tatu yalikuwa mabichi, yamenawiri, hata wapita njia walisimama kuyatazama. Kisha masika ikapiga siku nne mfululizo. Mnadhani alihuzunika? Alifurahi! Alitoka nje akacheza mvuani na wanawe. Lakini haukupita muda, majani ya chini yakaanza kuwa manjano. Manjano yakapanda. Mahindi yakafika magotini, yakagoma. Msimu mzima wa kuinama, akavuna magunzi.

Akamwita bwana shamba. Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akaomba ndoo ya maji. Akaimimina yote mahali pamoja, akamwambia Jumwa ahesabu. Hakufika kumi. Maji yalikuwa yamekwenda.

"Umeona?" bwana shamba akasema. "Chembe za mchanga huu ni kubwa, na kati yake kuna nafasi. Maji hayakai. Na yakishuka hayashuki peke yake, yanabeba na chakula cha mmea. Wewe ulimwaga samadi yote mara moja, na mvua ikaishusha yote mara moja."

"Kwa hiyo ardhi hii ni mbaya."

"Sikusema hivyo, mama. Haina uchoyo ardhi hii. Ikinyesha manyunyu tu, mzizi unapata, haitaki kwanza ishibe yenyewe. Jembe halikwami. Mzizi unashuka unavyotaka. Ikija mvua ya kuozesha mashamba ya bondeni, hapa jioni pamekauka. Ina shida moja tu. Haiwezi kushika."

"Sasa nifanyeje?"

"Chimba mashimo. Chini ya kila shimo weka makumbi ya nazi, yananyonya maji. Panda mihogo na kunde, achana na mahindi. Halafu ulishe mchanga huu kidogo kidogo, kila siku." Akasita. "Lakini nikwambie ukweli, usije ukanilaani baadaye. Hakuna siku utakayosema nimemaliza. Mchanga huu hautageuka udongo mweusi wa bondeni. Siku ukiacha, unaanza kurudi ulikotoka."

Jumwa alitaka kulia, akaona haya mbele ya mgeni. Pikipiki ilipoondoka alikaa chini pale pale, palipokuwa pamemwagwa maji, akapapasa. Pakavu.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Semeni ukweli, tuko nyumbani kwa Mungu. Mtu anakwambia kazi hii haina mwisho, na hicho unachokilisha kitapoteza karibu kila unachokipa. Ungeamka kesho?

Jumwa aliamka. Kabla jua halijatoka alijaza karai: majani ya mkorosho yaliyooza, mavi ya mbuzi, maganda ya mihogo, majivu kidogo ya jikoni. Akaenda nalo shimo la kwanza. Kesho yake, shimo la pili. Alipomaliza mashimo yote alirudi la kwanza, akakuta lile karai limeyeyuka kana kwamba hakuwahi kulileta. Akamwaga jingine.

Alikwenda akiwa na homa. Alikwenda mvuani. Dada yake alipofariki, Jumwa alitoka matangani alfajiri, akapeleka karai, akarudi matangani kukaa na wenzake mkekani. Watu wakipita walimtania, "Vipi mama, umeshaijaza bahari?" Naye akacheka, "Bado kidogo!" Ila kuna asubuhi aliweka karai chini katikati ya shamba, akasimama na mikono kiunoni muda mrefu, hakuna aliyemwona. Kisha akainama akaliokota.

Miaka miwili ikatimia. Lori la timbo likaja, Thoya ameketi mbele na dereva.

"Fungeni mizigo," Thoya akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amekonda, na kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe.

"Twende kwanza huku," Jumwa akasema.

Akampeleka kwenye shina la muhogo. "Vuta."

Thoya alijipanga kama anayeng'oa muhogo bondeni, ambako udongo unaung'ang'ania mpaka unakatikia ndani. Akavuta kwa nguvu zake zote, nusura aanguke chali. Muhogo ulitoka kwa mara moja, mnyoofu, mrefu kama mkono wake toka kiwiko, safi utadhani umeoshwa. Akavuta mwingine. Akavuta wa tatu, sasa anacheka. Kati ya mihogo kunde zilikuwa zimetambaa, hazionyeshi ardhi. Dereva alishuka kutoka kwenye lori akaja kutazama.

Thoya akapiga magoti. Akachota kutoka kwenye shimo, akafumba kiganja, akakaza, akafumbua. Donge likakaa. Halikumwagika.

"Umekuwa udongo," akasema kwa sauti ya chini.

"Ni mchanga bado. Nikiugua mwezi mmoja utauona."

"Sasa utaubebea karai mpaka lini, mke wangu?"

Jumwa akamtazama. "Unaniuliza mpaka lini, nimekwambia nimechoka? Mimi naujua. Najua unavyopoteza. Kila nikiamka najua kile cha jana kimeshashuka. Ndiyo sababu yenyewe ya kuamka."

Lori liliondoka tupu. Thoya alibaki na mkewe na wanawe, na jioni ile walichemsha mihogo wakala wote sita, na dereva walikuwa wamemfungia yake kwenye gunia.

Basi. Naona nyuso zimechangamka. Akina mama kule nyuma wanatikisa vichwa, na mzee wetu hapa mbele ameshatoa kitambaa. Kila mtu ameshachagua nafasi yake kwenye kisa, si ndivyo? Tumejiona Jumwa. Mama amejiona na watoto wake wagumu. Mwalimu amejiona na darasa lake. Hata mimi nilipokuwa nakitunga nilijiona Jumwa. Nikasema, huyu ni mchungaji huyu, kila Jumapili anabeba karai lake kuja kulisha mioyo isiyoshika kitu.

Nilipofika mlangoni hapo, nikasimama. Jumapili iliyopita nilihubiri juu ya hasira. Mlikuwapo. Nililia. Jumatatu, kabla ya saa mbili asubuhi, nimemfokea mke wangu kwa sababu ya shati. Mahubiri yote yalikuwa yameshashuka!

Ndugu zangu, sisi si Jumwa. Sisi ni mchanga.

Najua humu kanisani mchanga hauna jina zuri, kwa ile nyumba iliyojengwa juu yake ikaanguka. Lakini tujitazame. Tunapenda mikokoteni sita kwa siku mbili. Tunangoja kongamano kubwa, mkesha mkubwa, mhubiri kutoka mbali. Tunarudi nyumbani tumenawiri, majirani wanasimama kututazama. Wiki mbili, tumeanza manjano chini. Kisha tunajilaumu, na wengine tunakata tamaa kabisa, tunasema mimi moyo wangu haushiki, Mungu ameshachoka na mimi.

Amechoka? Ni nani aliyekwambia? Yeye anakujua unavyopoteza. Alijua jana alipokulisha kwamba leo hutakuwa nacho. Hajashangaa. Mimi nikimfikiria huyo anayeinama juu yetu kila kukicha, juu yangu mimi wa shati, bila kutupa neno la masimango, maneno yananiishia. Tumsifu kwa nyimbo, sawa. Lakini tumstaajabie pia.

Kuna mtu humu ameacha kusali kwa kuwa kila akisali anarudia makosa yale yale. Nasema na wewe. Kesho ukiamka, kabla hujagusa simu, kaa kimya kidogo, upokee cha kesho. Cha keshokutwa usikiombe. Kitaletwa keshokutwa.