Asumini na Zimwi la Baridi

Sikilizeni, jamani. Bi Mwanakombo, siku ya kusafiri, alimwambia Saumu, mke wa mwanawe: “Mwanangu, uhai wa mtoto wako umo katika asumini ile ya chunguni. Kipupwe kikija iweke ndani, wala usiinyweshe jua likizama. Zimwi la Baridi huingia na maji.”

Jioni moja ya kipupwe, jua limekwisha kuzama, zimwi likabisha mlangoni. “Asumini ina kiu!”

Saumu akakaza komeo la mlango.

Likabisha tena. “Majani yanapukutika, mchoyo wee!”

Yalipukutika kweli, na mtoto akakohoa. Saumu akamfunika shuka.

Mara ya tatu ikaja sauti ya Bi Mwanakombo: “Mkwe wangu, inyweshe, mtoto anakufa!”

Saumu akainua kata. Mkwe?

“Mama huniita mwanangu,” akasema, akairudisha kata mtungini. “Kanywe umande wako huko!”

Asubuhi jua lilipochomoza, aliitoa asumini nje uani, akainywesha, kisha akamkorogea mtoto uji.