Mwalimu Aliyejua Mwisho wa Ulimwengu

Kisa hiki nililetewa na mtu anipendaye, siku ambayo nilikihitaji. Nami nakuletea wewe. Kisome taratibu, kisha mkumbuke mtu mmoja wa kumpelekea.

Katika mji mmoja wa Bara Hindi, kando ya mto, aliishi mwalimu wa dini ya Kihindu aliyeitwa Vishvanath. Watu walitoka mbali kuja kumsikiliza, kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza habari za ulimwengu kama yeye: ulikotoka, unavyodumu na unakokwenda.

Siku moja, katikati ya somo, mwanamke mmoja aliingia barazani. Aliitwa Kamli, na kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi, hivyo mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye vifundo. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Mwalimu," alisema, "mwanangu amefariki kwa homa. Watu wanasema wewe unajua yote. Niambie, amekwenda wapi?"

Vishvanath alifumba macho, akajibu kwa ile sauti yake nzuri:

"Sikiliza, mama. Mchana mmoja wa Brahma, Muumba, ni mamilioni kwa mamilioni ya miaka yetu. Anapoamka, ulimwengu unachanua. Anapolala, milima na bahari na nyota, hata miungu, vyote hurudi kwenye maji yasiyo na mwanga. Kisha anaamka tena, na vyote vinaanza upya. Imekuwa hivyo mara zisizohesabika, na itaendelea kuwa hivyo. Ikiwa nyota zenyewe zinapita, machozi ya nini kwa mtoto mmoja?"

Wanafunzi walitazamana kwa mshangao. Hawakuwahi kusikia jibu zuri kama lile.

Kamli aliinamisha kichwa. "Asante, Mwalimu," alisema, akaenda zake.

Jioni ile Revati, mke wa mwalimu, alikuwa akichambua mchele. Alikuwa ameyasikia yote kutoka jikoni.

"Umemjibu vizuri, mume wangu," alisema. "Lakini hukumwambia hata aketi."

"Nimempa ukweli," Vishvanath alisema. "Alitaka nini zaidi?"

Revati aliendelea kuchambua mchele wake.

Miaka ilipita. Kisha, msimu mmoja wa mvua, Revati aliugua, na kabla mvua hazijakatika akafariki.

Vishvanath alirudi kutoka mtoni, walikouchoma mwili wa mkewe kwa desturi yao, akaketi peke yake ndani ya nyumba. Alijisomea maneno yake mwenyewe: Brahma analala, Brahma anaamka, vyote vinapita. Kila neno lilikuwa kweli. Hakuna hata moja lililomwingia moyoni.

Watu walikuja kumpa pole, lakini walisimama mlangoni wakiona haya. "Sisi tutakuambia nini, Mwalimu?" walisema. "Mambo haya wewe ndiye uliyetufundisha." Wakaondoka mapema, kwa heshima. Wanafunzi nao waliogopa kumsumbua. Jiko likapoa. Mzee akawa halali, hali, wala halii.

Asubuhi moja mtu aliingia bila kubisha. Alikuwa Kamli, nywele zake sasa zina mvi, amebeba chungu cha dengu na wali. Aliwasha moto, akapasha chakula, akakiweka mbele ya mwalimu. Kisha akaketi chini karibu naye.

Vishvanath alimtambua kwa ile mikono. Akaona aibu.

"Umekuja kunirudishia jibu langu?" aliuliza.

"La, Mwalimu. Nimekuja kukaa nawe."

"Baada ya yale niliyokuambia? Kwa nini?"

Kamli alimtazama kwa mshangao. "Kumbe hukujua? Siku ile nilipotoka hapa, mama Revati alinifuata hadi nyumbani kwangu. Na tangu siku hiyo, alipokwenda sokoni, alipitia kwangu. Hakunifundisha kitu. Alikoroga rangi nami. Nilipolia, alilia. Nilipocheka kwa mara ya kwanza, naye akacheka. Yeye ndiye aliyenifanya niendelee kuishi. Sasa hayupo, na wewe uko peke yako. Ningekaaje kwangu?"

Vishvanath aliufunika uso wake kwa mikono.  Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alilia, na Kamli hakumwambia anyamaze.

Alipotulia, alisema polepole, kama mtu anayejisemesha:

"Wazee wetu walisema kwamba hapo mwanzo, kabla ya mbingu na nchi, alikuwako Mmoja tu. Alitazama huku na huku, hakumwona mwingine, akaogopa. Hakuwa na furaha, maana aliye peke yake hana furaha. Akatamani mwenzake. Kutokana na shauku hiyo wakatokea mume na mke, ng'ombe na mbuzi, hata sisimizi. Nimewafundisha watu jambo hilo maisha yangu yote nikidhani ni habari ya zamani sana. Kumbe mke wangu alikuwa akilitenda kila alipotoka mlango ule kuja kwako, ili usiwe peke yako."

"Kula kwanza, Mwalimu," Kamli alisema.

Alikula matonge machache, kisha akaacha kula. Akamtazama yule mama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Binti yangu," alisema, "nisamehe. Siku ile hata jina la mwanao sikukuuliza. Aliitwa nani?"

 "Aliitwa Padmini," Kamli alisema. "Hakuna aliyeniuliza siku nyingi."

"Niambie habari zake."

Basi akamweleza: jinsi alivyoogopa ngurumo, jinsi alivyoimba huku amejaza mdomo chakula, jinsi alivyochovya mkia wa paka kwenye rangi nyekundu. Mwalimu alisikiliza, akiuliza hiki na kile. Walizungumza hadi wali ukapoa sahanini, ikabidi moto uchochewe tena.

Funzo: Mtu mwenye msiba hatulizwi kwa kuelezwa siri za ulimwengu. Kaa naye, maana hata ulimwengu ulianza kwa sababu upweke ulikuwa mzito.