Siku Kiboko Alipoikalia Chumvi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa, au kuna mtu kamkanyaga paka? Hebu tena. Paukwa!

PAKAWAAA!

Haya, hiyo hata aliye jikoni kaisikia. Najua ni mchana. Najua pia mnachosema, kwamba anayesimulia ngano mchana huota mkia. Mimi Siwatu nimesimulia mchana miaka arobaini na wangu bado nausubiri. Nyinyi chambueni maharage, macho chini, masikio huku. Na wewe Mbaruku, maharage huchambuliwa kwa vidole, si kwa meno.

Basi palikuwa na mto. Ng'ambo ya mto aliishi Nyati, mwenye majabali ya chumvi. Upande wa huku palikuwa na gulio, na kila siku ya gulio wanyama walivuka na ndizi, wakarudi na chumvi. Kibaba cha chumvi kwa chane moja ya ndizi. Bei hiyo waliijua hata watoto.

Katikati ya mto, kwenye kilindi, alikaa Kiboko. Tumbo lake peke yake lilikuwa kijiji. Alijiita Mtukufu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaliwa, kila mtu akamwita Mtukufu.

Pale gulioni alikuwepo Mama Pimbi, mdogo kama kiazi kikuu. Hana mkia, hana pembe, ana chungu. Alipika kande, mahindi na maharage, na kande yake iliwalisha watoto wake watatu. Wanyama walikula, wakalamba bakuli, wakalamba na vidole vya jirani.

Siku moja Nyati akalala kwenye tope la Kiboko. Ndiyo, tope! Mto mzima una tope, lakini lile lilikuwa tope lake.

"Toka kwenye tope langu!" akasema Kiboko.

"Tope lina jina lako?" akasema Nyati.

Puu! Kwaa! Puu! Wakapigana siku tatu. Hakuna aliyeshinda, ila tope lilikwisha, lote liliwaganda mwilini. Kiboko akapanda jiwe, akafungua kinywa, akatangaza:

"Kuanzia leo ni vikwazo! Chumvi ya Nyati haivuki mto huu! Haivuki kwa kichwa, haivuki kwa mgongo, haivuki kwa mfuko! Na atakayeivusha, nitamkalia!"

Wanyama wakaitikia, "Ndiyo, Mtukufu." Hawakujua kwamba wiki moja kabla ya vita Kiboko alikuwa ameshajaza ghala lake kwa magunia kumi na mawili ya chumvi ile ile ya Nyati. Mnaona mambo hayo? Mimi nikifika hapa huwa nakasirika. Ngoja ninywe maji.

Basi chumvi ikapanda. Kibaba kwa chane tatu. Kibaba kwa chane sita. Kibaba kwa mkungu mzima, na Kiboko akakipima kibaba huku kidole gumba kikiwa ndani.

Hayo ya chumvi tumeyaelewa. Lakini Mama Pimbi alipokwenda kwa Tumbili, muuza ndizi, akakuta na ndizi zimepanda.

"Tumbili, ndizi zako zimevuka mto?"

"Hazijavuka."

"Zimekwenda kupigana?"

"Hazijapigana."

"Basi mbona zimepanda?"

"Ni vita, mama."

Akaenda kwa Ngiri, muuza mihogo. Mihogo imepanda.

"Ngiri, mihogo yako imetoka kwa Nyati?"

"Imetoka hapo nyuma ya nyumba."

"Basi mbona imepanda?"

"Ni vita, mama."

Na kule ng'ambo Nyati naye alikuwa amekaa juu ya mlima wa chumvi bila ndizi hata moja, analamba jiwe asubuhi, analamba jiwe mchana, ulimi umekauka.

Mama Pimbi akapika kande bila chumvi. Fisi akaonja. Fisi, jamani, anayekula kwato! Akatema: "Pyu! Mama, umepika au umelowesha?" Gulio la kwanza, kande ikabaki. Gulio la pili, kande ikabaki. Na sheria ya gulio ilikuwa moja: ukilaza chungu magulio matatu mfululizo, nafasi yako anapewa mwingine. Mama Pimbi akawatazama wanawe wakila kande ile baridi kimyakimya, bila hata kugombania. Watoto wasiogombania chakula! Roho ikamuuma sana. Akajifunga kanga vizuri, akaenda mtoni.

"Hodi, Mtukufu."

"Umekuja kununua?"

"Hapana. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya ghala lako. Nasikia Nyati anakuja kuichukua chumvi yake. Na mlango wa ghala ni matete tu, Mtukufu. Nyati akipiga chafya, umekwenda."

Kiboko akatoa macho. "Niihamishie wapi?"

"Mimi nitajua wapi? Nimezaliwa kwenye ufa wa jiwe. Labda pahali ambapo hakuna mnyama anayethubutu kuingia."

Kiboko akafikiri. Kiboko akifikiri husikika: grrrm, grrrm, grrrm. Kisha akapiga ukelele.

"Kilindini kwangu! Chini ya tumbo langu!"

"Majini, Mtukufu? Chumvi?" Mama Pimbi akauliza kwa upole.

"Kwani kuna nini? Mimi nimekaa majini tangu kuzaliwa. Umewahi kuniona nikiyeyuka?"

"Sijawahi, Mtukufu."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza. Aliambiwa anyamaze, angefanyaje?

Kiboko akatoa magunia ghalani. Gunia la kwanza, chubwi! La pili, chubwi! La tatu, chubwi! Mbaruku, usihesabu yote, tutalala hapa. Chubwi mpaka la kumi na mbili. Kisha akaja mwenyewe, akajipanga, akayakalia: CHUUUBWI! Akatabasamu. Kiangazi kile mto ulikuwa umekonda, maji yanapita polepole, yanapita chini ya tumbo la Kiboko, yanatoka upande wa pili.

Siku ya gulio la tatu, Mama Pimbi akachukua mtungi, akaufuata mto kule maji yanakoelekea, chini ya kilindi, hatua chache tu. Akachota. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Akacheka peke yake mpaka mtungi ukamtoka, akachota upya.

Akabandika chungu. Tokoto tokoto tokoto. Harufu ikatembea. Fisi akaja, akaonja, hakutema. Akanunua tena. Tumbili akaja, Ngiri akaja, foleni ikafika kwenye mihogo. Wengine wakauliza, Mama Pimbi akawanong'oneza, na mitungi yote ya gulioni ikaelekea chini ya kilindi. Nani sasa atanunua chumvi ya mkungu mzima?

Kiboko akangoja wateja. Hakuna. Akangoja tena. Hakuna. Pua yake ikanusa kande, tumbo likanguruma, akatoka majini akaja gulioni mwenyewe, anadondosha maji.

"Pimbi, nipe kande."

"Bakuli moja kwa mkungu mzima, Mtukufu."

"Mbona ghali hivyo?"

"Ni vita, Mtukufu."

Akalipa. Akala. Akafumba macho kwa utamu. Akasukuma bakuli, "Na nyongeza yangu je?" Mtu mzima, tumbo kijiji, bado anataka nyongeza! Mama Pimbi akampa upawa mmoja. Akala. Hapo ndipo akili ilipomfikia, maana ilikuwa na safari ndefu.

"Wewe! Chumvi hii umeivusha kutoka kwa Nyati?"

"Haijavuka hata punje."

"Nani amekuuzia?"

"Sijanunua."

"Basi umetia nini humu?"

"Nimetia maji, Mtukufu."

Kiboko akatafuna. Akatafuna polepole. Akaacha kutafuna. Kisha ardhi ikatikisika: dududu dududu, mpaka mtoni! Akazama, akatoa gunia la kwanza: tupu. La pili: tupu. La kumi na mbili: tupu, na ndani yake kambare mmoja anajilamba masharubu.

Akarudi anafoka, gulio zima likamzunguka.

"Nitamkalia! Nitamkalia mtu leo!"

"Ni haki yako, Mtukufu," akasema Mama Pimbi. "Neno lako ni sheria. Aliyeitia chumvi mtoni akaliwe. Ni nani huyo?"

Wanyama wakamtazama Kiboko. Kiboko akatazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

Basi sheria aliitunga mwenyewe, angeikataa vipi? Akaenda kujikalia. Akajizungusha huku, akajizungusha kule, akashindwa kujifikia. Ndiyo maana mpaka leo mnamwona Kiboko anashinda majini, anazama, anaibuka, anajigeuza, anapuliza foo! Bado anajaribu.

Kesho yake akatangaza kwamba amemsamehe Nyati kwa huruma yake kubwa, na kwamba angependa vibaba viwili. Kivuko kikafunguliwa. Chumvi ikarudi chane moja. Mama Pimbi akabaki na nafasi yake, na wanawe wakarudi kugombania kande mpaka chungu kikapata ufa.

Akaenda kwa Tumbili. Ndizi zilikuwa bei ile ile ya juu.

"Tumbili, vita vimekwisha. Mbona ndizi hazishuki?"

Tumbili akamtazama kwa huruma.

"Ni amani, mama."

Sasa mafundisho. Ngano hii inatufundisha kwamba vikwazo hufanya kazi. Msicheke! Kiboko alisema chumvi haitavuka, ikavuka? Haikuvuka. Basi watiini wakubwa, msiwe wajanja kama Pimbi, na kila mwenye mali aiweke pahali penye unyevu.

Ngano yangu imefika mwisho. Maharage yenu leteni, na mmoja wenu anitazame nyuma. Hakuna kitu? Basi kesho mchana tena.