Shimo la Limojwa

Waliosema akiba haiozi hawakuwahi kunusa shimo la Limojwa. Lilikuwa nyuma ya jiko lake kisiwani Ailuk, limetandikwa majani na kuwekewa mawe juu, na upepo ulipogeuka, kijiji kizima kilijua. Ndani mlikuwa na bwiro, yaani mashelisheli yaliyolowekwa baharini, yakakandwa, kisha yakafukiwa yachachuke. Kila wiki Limojwa alilifunua, akaikanda upya ile bwiro na kubadilisha majani. Wenzake waliiacha kazi hiyo tangu walipouzoea mchele.

Binti yake, Jabela, hakuwa na habari na shimo. Msimu uliopita aliyaacha mashelisheli ya mti wake yaanguke na kuoza. Mama yake ndiye aliyeyaokota, bila kunung'unika. Sasa Jabela alikuwa na shughuli kubwa. Mwanawe wa kwanza, Aluka, alikuwa anatimiza mwaka, na kwa watu wa Ailuk hiyo ni kemem, sherehe isiyoahirishwa. Wageni huja kwa mitumbwi, hula, hucheza, na kila mmoja huondoka na kapu la chakula. Mgeni akiondoka mikono mitupu, aibu hiyo humwandama mtoto hadi aote mvi.

"Mama, lile shimo tuwape nguruwe," alisema Jabela. "Wageni watakula wameziba pua."

"Wazibe kwa mkono mmoja, wale kwa mwingine."

"Sitanii, mama. Mchele unakuja na meli. Shimo la nini tena?"

"Kwani meli ni yako, mwanangu?"

"Si yangu, lakini inakuja."

"Haya. Ikifika, nguruwe nitawapa mwenyewe."

Siku mbili kabla ya sherehe, redio ya kijiji ilitangaza kwamba meli imeharibika mashine na imerudi Majuro, mji wa bandari ilikotoka. Jabela alikaa chini palepale. Samaki wangepatikana, na nguruwe walikuwepo, lakini kitoweo kitupu hakijazi kapu, na mashelisheli hayakuwa mtini, maana msimu ulikuwa umepita.

"Tuwaambie watu wasije?" aliuliza Hemos, mumewe.

"Wa visiwa vya mbali wameshatweka tanga, Hemos. Utawaambia nini, warudi na upepo?"

Jabela alikwenda kwa mama yake, akasimama mlangoni pa jiko.

"Mama, nguruwe wamekula?"

"Wangekulaje?" Limojwa hakuinua hata uso. "Si walikuwa wanaingoja meli?"

Jabela alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha wakalifunua shimo. Wanawake wa kijiji walikuja wenyewe, wengine wakidai wamefuata harufu, wakakanda bwiro kwa tui la nazi, wakaifunga katika majani na kuioka juu ya mawe ya moto. Mikono ya Jabela ilinuka hadi viwikoni, wala hakujali.

Siku ya kemem watu walikula wakashiba. Mzee mmoja kutoka kisiwa cha kaskazini alitafuna amefumba macho.

"Mngenipa mchele, ningeshukuru," alisema. "Hii sijaionja tangu mama yangu afariki. Hii nitakwenda kuisimulia."

Aluka alipolambishwa alikunja uso kwa ule uchachu, halafu akafungua kinywa aongezwe. Jua lilipotua, hakuna mtumbwi uliong'oa nanga bila makapu yake, na Jabela akalala usingizi mzito kwa furaha.

Meli ilifika baadaye, imejaa mchele, na mchele ukaliwa ukaisha. Msimu mpya ulipoingia, shelisheli la kwanza kuanguka liliokotwa na Jabela kabla nguruwe hajalifikia. Alichimba shimo lake nyuma ya jiko, na haikupita muda jirani akaja kulalamikia harufu.

"Ziba pua kwa mkono mmoja, shoga," Jabela alimjibu, "na ule mwingine uje unisaidie kukanda."

Jirani akacheka, akakaa, akakunja mikono ya nguo. Kweli, akiba haiozi, hata ikinuka.